Mbwa wa Msaada kwa Mwenye Kifafa: Hukumu Yake na Mambo ya Kuyajua Kabla ya Kumchukua

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Tumepokea swali kutoka kwa familia moja ya Kiislamu inayoishi Njiro, jijini Arusha. Kwa ufupi, wana binti anayesoma chuo ambaye ana kifafa tangu utotoni, na mara nyingi huanguka usiku au alfajiri wakati watu wamelala. Ami yake anayeishi Uingereza amesema yuko tayari kugharamia mbwa aliyefundishwa kumtahadharisha mgonjwa kabla hajaanguka na kuita watu akishaanguka. Baba na mama wamelipokea wazo hilo. Bibi yao kutoka Unguja, anayekaa nao, amelikataa. Amesema mbwa akiingia ndani yeye atatoka, kwa sababu malaika hawaingii nyumba yenye mbwa na swala yake itaharibika. Wanauliza: je, sharia inaruhusu? Na kama inaruhusu, vipi kuhusu najisi, swala na haki ya bibi?

Swali hili linaingia katika kuhifadhi nafsi, na linagusa pia twahara ya nyumba na heshima kwa mzazi. Kwa hiyo tumeona tulijibu kwa urefu, kwani wenye kifafa ni wengi miongoni mwetu na wengi wao wamefichwa ndani.

KIFAFA NI NINI

Kifafa ni maradhi ya ubongo. Chembe za ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo mdogo wenye mpangilio. Mpangilio huo ukivurugika ghafla, mtu hupata kifafa: anaweza kuanguka, kukakamaa, kutikisika na kutoka povu, au anaweza tu kukodoa macho na kutoitika kwa sekunde kadhaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 duniani wana maradhi haya, karibu asilimia 80 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo hilo linaeleza kuwa hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka kama watagunduliwa na kutibiwa ipasavyo.

Sababu zake ni nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, kuumia kichwa, kurithi, na nyinginezo. Iko sababu moja ambayo Waislamu wa mikoa ya kaskazini wanapaswa kuijua, nayo ni mayai ya tegu wa nguruwe. Utafiti uliofanywa Haydom, katika wilaya ya Mbulu, umeonesha uhusiano wa tegu huyo na kifafa. Mtu anaweza kudhani kwamba kwa kuwa hali nguruwe basi yeye amesalimika. Sivyo. Anayekula nyama yenye vimelea hupata tegu tumboni, lakini mayai ya tegu hutoka na choo cha binadamu, yakaingia kwenye maji na mboga za majani, na yeyote atakayeyameza yanaweza kumfika ubongoni. Kuosha mikono na mboga ni kinga hata kwa asiyeonja nyama ile maishani mwake.

Kifafa hakiambukizi. Hakipiti kwenye povu, mate, mkojo, wala kwa kumshika aliyeanguka. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu imani hiyo imeua watu wetu. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliyefika Mahenge mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuanzisha kliniki ya kifafa huko, aliwakuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameangukia mekoni, na walio karibu waliogopa kuwagusa. Na Hai, mkoa jirani wa Kilimanjaro, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba ulioanza mwaka 2009 uligundua kuwa wengi wa wenye kifafa hawakuwa wakitumia dawa yoyote.

MWENYE KIFAFA KATIKA SUNNA

Kabla ya kuzungumzia mnyama, tumtazame mgonjwa mwenyewe. Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Atwaa bin Abii Rabah, kwamba Ibn Abbas (r.a.) alimuonesha mwanamke mweusi na kumwambia kuwa yule ni katika watu wa Peponi. Mwanamke huyo alikuwa amemwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kwamba huanguka kifafa na mwili wake hufunuka, akaomba aombewe. Mtume akampa hiari baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Akachagua kusubiri, lakini akaomba jambo moja, kwamba anapoanguka asifunuke. Mtume akamuombea hilo.

Katika hadithi hii tunapata mafunzo matatu. Kwanza, kifafa si dalili ya kuwa mtu amelaaniwa. Mwenye maradhi hayo ametajwa kuwa ni wa Peponi. Pili, kuomba kupona na kutafuta tiba kumeruhusiwa, kwani alipewa hiari, na hadithi nyingine zimetuamrisha tujitibu. Tatu, heshima na sitara ya mgonjwa ni haki yake hata akiwa hana fahamu. Anayemkuta dada ameanguka njiani amfunike kanga au shuka, asitoe simu na kupiga picha.

Ama wanaosema kila kifafa ni jini, Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad amekigawa kifafa mafungu mawili, kinachotokana na pepo na kinachotokana na maradhi ya mwili ambacho matabibu hukizungumzia. Kusoma ruqya ya kisharia kunafaa. Kumpiga mgonjwa, kumfukizia moshi hadi akose pumzi, au kumuachisha dawa za hospitali ni dhulma. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla zinaweza kuleta mianguko inayofuatana bila kukoma, na hiyo huua.

MBWA WA MSAADA NI YUPI

Watu huchanganya aina mbili. Ya kwanza ni mbwa anayefundishwa kutenda pale mtu anapokwisha kuanguka: hubweka mpaka watu waje, hubonyeza kengele kubwa iliyowekwa sakafuni, hulala ubavuni mwa mgonjwa asijigonge, au huleta simu au mfuko wa dawa. Kazi hii inafundishika kama zinavyofundishika kazi nyingine za mbwa, na haina utata.

Ya pili ni mbwa anayetahadharisha kabla. Mwaka 1999 watafiti wa Uingereza waliandika juu ya mbwa waliofundishwa Sheffield ambao walitoa ishara kati ya dakika 15 na 45 kabla ya mgonjwa kuanguka. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rennes, Ufaransa, walichapisha jaribio walilofanya kwa mbwa watano waliofundishwa Indianapolis, Marekani. Mbwa hao walinusishwa vitambaa vya jasho na pumzi vya wagonjwa, vingine vilivyochukuliwa wakati wa kifafa na vingine wakati wa kawaida. Watatu walipatia kila mara, na wawili walipatia theluthi mbili ya mara. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, walionesha kuwa mbwa 19 wa kawaida wa majumbani, wasiofundishwa, walibadilika tabia waliponusa harufu ya watu waliokuwa karibu na kifafa au ndani yake.

Kwa hiyo ipo harufu, na mbwa anaihisi. Hata hivyo tuwe waadilifu katika kupima. Majaribio haya yalihusisha mbwa wachache. Jaribio la Rennes lilithibitisha harufu ya wakati wa kifafa, halikuthibitisha kwamba kila mbwa atatabiri kila mwanguko. Madaktari pia wameandika kesi za watu waliopewa mbwa kisha vipimo vikaonesha kuwa mianguko yao haitokani na umeme wa ubongo bali na mfadhaiko wa nafsi, ambao una tiba yake nyingine. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni daktari.

Jambo hili si geni kabisa katika nchi yetu. Morogoro, katika eneo la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao aliyezaliwa hapa, aitwaye Magawa, alipewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi ya kutafuta mabomu huko Kambodia. Na Usa River, mwendo mfupi kutoka Njiro, kuna kituo cha kufundisha mbwa wanaonusa pembe za ndovu na nyara nyingine. Allah amewapa viumbe hawa hisi ambazo sisi hatukupewa, na Qur'ani katika Suratul Maida, aya ya 4, imetaja wanyama wa kuwinda wanaofundishwa na kwamba elimu ile ya kuwafundisha imetoka kwa Allah.

HUKUMU YA KUMWEKA MBWA HUYU

Asili ni kuwa mbwa hafugwi bila ya haja. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra na Ibn Umar (r.a.) kwamba anayefuga mbwa hupungukiwa na thawabu kila siku kwa qirati, na katika riwaya nyingine qirati mbili, isipokuwa mbwa wa mifugo, wa kuwinda au wa shamba.

Je, vilivyotajwa ni vitatu tu, au kila haja inayofanana navyo huingia? Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H) katika sherehe yake ya Sahih Muslim ameieleza khilafu ya wanazuoni wa Kishafii juu ya mbwa wa kulinda nyumba na njia. Akasema kauli sahihi zaidi ni kuwa inajuzu, kwa kuvikisia na vile vitatu, kwa kuwa sababu inayoeleweka katika hadithi ni haja. Ukipita mitaa ya Njiro utaona mageti mengi yenye kibao cha mbwa mkali, na Waislamu wengi wanaishi nyuma ya mageti hayo. Wameitegemea kauli hii, wajue au wasijue.

Basi tunasema: ikiwa mbwa ameruhusiwa kwa ajili ya kulinda mbuzi, mahindi na televisheni, kumruhusu kwa ajili ya kulinda uhai wa mtu ni awla zaidi. Kuhifadhi nafsi kunatangulia kuhifadhi mali katika makusudio ya sharia. Kwa hiyo kumweka mbwa wa msaada kwa mwenye kifafa ambaye mianguko yake haijadhibitiwa na dawa kunajuzu, na hakuingii katika onyo la kupungukiwa thawabu. Sharti ni kwamba haja iwe ya kweli, ithibitishwe na daktari, na isitimizwe kirahisi kwa njia nyingine. Kanuni ya fiqhi inasema dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Haja ikiondoka, ruhusa nayo huondoka.

NAJISI NA TWAHARA

Hapa ndipo penye uzito kwetu sisi wa pwani na wengi wa Tanzania tunaofuata madhehebu ya Imam Shafii. Katika madhehebu yetu, mbwa mzima ni najisi nzito: mate, jasho, manyoya na vyote vitokavyo kwake. Mahanbali wanakubaliana nasi katika hukumu iliyo mashuhuri kwao. Mahanafi wanasema mate yake ni najisi lakini mwili wake si najisi. Wafuasi wa Imam Malik wanasema mbwa ni twahara, na kuosha chombo mara saba ni ibada tu. Miongoni mwa hoja zao ni riwaya ya Ibn Umar katika Bukhari kwamba mbwa walikuwa wakipita msikitini zama za Mtume (s.a.w.) na watu hawakuwa wakinyunyiza maji.

Kwa anayeishi na mbwa wa msaada na kubaki katika madhehebu ya Shafii, mambo ni haya:

1. Kikavu kwa kikavu hakinajisishi. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, au mbwa mkavu akilala juu ya nguo kavu, hakuna cha kuosha.

2. Pakiwa na unyevu upande wowote, kama mate, jasho, pua yake yenye majimaji, au mkono wako uliolowa, mahali hapo pataoshwa mara saba, mojawapo ikiwa kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Kauli yenye nguvu kwetu ni kuwa sabuni haishiki nafasi ya udongo. Weka ndoo ndogo ya udongo mkavu msafi karibu na bomba la nje, jambo litakuwa jepesi.

3. Uwanja wa udongo ukinajisika humwagiwa maji mara saba bila ya kuongezewa udongo mwingine.

4. Kugusa mbwa hakutengui udhu. Kinachotakiwa ni kuondoa najisi kabla ya kuswali.

5. Mbwa awe na chombo chake cha chakula na maji, tandiko lake, na njia yake ya kuingia. Asifike jikoni wala mahali pa kuswalia.

6. Mwalimu wa mbwa aelezwe mapema kuwa wenyewe ni Waislamu. Mbwa wengi hufundishwa kumlamba mgonjwa usoni au kumsukuma kwa pua. Inawezekana kumfundisha badala yake kubweka, kugusa nguo kwa mguu mkavu, au kubonyeza kengele. Jambo hili dogo litaiondolea nyumba sehemu kubwa ya tabu.

Mgonjwa akishindwa kwa sababu ya kuanguka mara kwa mara na kukosa msaidizi, anaruhusiwa kufuata kauli ya Malik au ya Abu Hanifa katika mambo ambayo tabu imemzidi. Wanazuoni wamekubali kufuata madhehebu nyingine iliyo thabiti kwa haja, na uzito huleta wepesi. Lakini asichukue ruhusa hiyo kwa uvivu.

MALAIKA NA SWALA YA BIBI

Hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa ni sahihi, ameipokea Abu Twalha (r.a.) na iko katika Bukhari na Muslim. Bibi hakusema jambo kutoka kichwani mwake, na wajukuu wasimcheke. Wanazuoni wameeleza kuwa wanaokusudiwa ni malaika wa rehema, si wale wanaoandika amali, kwani hao hawamwachi mtu. Kisha wakakhitalifiana kuhusu mbwa aliyeruhusiwa. Al-Khattabi na Qadhi Iyadh wamesema kuwa mbwa ambaye kumweka kumeruhusiwa hawazuii malaika. Imam Nawawi ameelekea kwenye ujumla wa hadithi. Mwenye kuchukua kauli ya Al-Khattabi katika hali ya binti huyu ana hoja, kwani haielekei sharia iruhusu kitu kwa haja kisha imnyime rehema aliyeitumia ruhusa hiyo.

Ama swala, haiharibiki kwa mbwa kuwepo ndani ya nyumba. Inaharibika kwa najisi iliyo mwilini, kwenye nguo au mahali pa kuswalia. Kwa hiyo haki ya bibi ni hii: chumba chake kisiingiwe na mbwa kabisa, mswala wake na nguo zake zisifuliwe pamoja na za binti, na njia yake ya kwenda msalani iwe safi. Mbwa akae chumbani kwa binti usiku, na mchana nje. Baba na mama wamwendee kwa upole, wamueleze kuwa mjukuu wake anaweza kuondoka duniani usingizini pasipo mtu kujua. Tunaamini bibi aliyemlea mtoto huyo atalipima jambo kwa mizani hiyo. Akiwa bado hataki, atafutiwe mahali pa kukaa panapomridhisha, wala asilazimishwe.

MSIKITINI

Katika madhehebu yetu, kuingiza msikitini kitu ambacho najisi yake inahofiwa kupachafua hakuruhusiwi. Mfano mzuri wa kulitatua umetokea Leicester, Uingereza, mwaka 2008. Kijana asiyeona alikuwa anaongozwa na mbwa, na baraza la sharia la Waislamu wa huko likatoa fatwa. Mbwa akawekewa mahali pa kupumzika penye lango la msikiti, na kijana akaingia kuswali. Nasi tunaona njia hiyo ndiyo bora. Mwenye kifafa hana haja ya mbwa ndani ya safu, kwa sababu waumini wako naye. Aswali pembeni mwa ndugu anayejua hali yake.

Iko pia njia ya mnyama asiye na khilafu. Huko Michigan, Marekani, dada Muislamu asiyeona alichagua kuongozwa na farasi mdogo aitwaye Cali, kwa kuwa wazee wake hawakutaka mbwa ndani ya nyumba. Farasi ni twahara. Kwa kifafa, hata hivyo, kazi ya farasi haijulikani, na paka, ambaye hadithi ya Abu Qatada (r.a.) imesema si najisi, hafundishiki kwa kazi hii. Kwa hiyo badala ya mbwa si mnyama mwingine, bali ni kifaa au mtu.

MALIPO

Imekatazwa thamani ya mbwa katika hadithi ya Abu Mas'ud al-Ansari (r.a.), iliyo katika Bukhari na Muslim. Kwa Mashafii kumuuza mbwa hakusihi, hata aliyefundishwa. Mahanafi wamejuzisha kuuzwa mwenye manufaa. Njia ya kutoka kwetu ni hii: mwenye mbwa aachilie haki yake ya kumtumia kwa kupewa kitu badala yake, na fedha nyingine ziwe ni ujira wa mwalimu kwa kazi ya kumzoesha mgonjwa, chakula, chanjo na safari. Ami akikusudia hivyo hana dhambi. Na zipo taasisi za hisani zinazotoa mbwa hawa bila malipo kwa wakazi wa nchi zao.

NASAHA KABLA YA KUTOA FEDHA

Tunamnasihi ami na wazazi wazingatie mambo haya kwa utaratibu.

Kwanza, binti afanyiwe uchunguzi na daktari wa mishipa ya fahamu, na dawa zake zipitiwe upya. Wengi wanaoambiwa kuwa dawa hazifanyi kazi hutumia dozi isiyowatosha, au huziruka siku zinapokwisha. Mwenye kuelekea kuolewa aulize mapema kuhusu dawa yake, kwani valproeti ina hatari kwa mtoto aliye tumboni.

Pili, wajue kuwa mbwa wa aina hii hanunuliwi kama saa. Huzoeshwa mtu maalumu, kwa harufu na mwenendo wa mtu huyo, kwa muda wa mwaka mmoja au miwili, na mgonjwa mwenyewe hufundishwa pamoja naye. Mbwa aliyelelewa Uingereza bila ya kuwahi kukaa na binti wa Njiro anaweza kufika na kuwa mbwa wa kawaida tu. Gharama yake Marekani hufikia makumi ya maelfu ya dola. Kama fedha hizo zipo, huenda kinga ya dawa kwa miaka, godoro lenye kihisi cha mtikisiko, au saa ya mkononi inayotambua kifafa na kupiga simu, ambayo mojawapo iliidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2018, ikamfaa zaidi na isilete mgogoro na bibi.

Tatu, wakiwa tayari wana mbwa wa geti na wameona hubadilika kabla binti hajaanguka, waandike kwenye daftari kila mara mbwa alipobadilika na kila mara binti alipoanguka, kwa miezi mitatu. Daftari litasema kama ni kweli au ni bahati. Wasije wakaacha kulala karibu naye kwa kumtegemea mbwa asiyefundishwa.

Nne, mbwa yeyote apatiwe chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Kisiwani Pemba, kampeni za chanjo zilizorudiwa zilikata mnyororo wa maradhi hayo. Anayemtoa mbwa nje ya nchi atahitaji vibali vya idara ya mifugo kabla ya safari.

Tano, mbwa ni amana. Alishwe, anyweshwe na apumzike. Mtume (s.a.w.) ametueleza kuhusu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Anayetumia mnyama kulinda uhai wake asimfunge mnyororo juani.

MTU AKIANGUKA MBELE YAKO

Mwondoe karibu na moto, maji na barabara. Weka kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo ya shingoni, tazama saa. Mtikisiko ukitulia mlaze ubavu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimkandamize, usimpe maji mpaka azinduke. Kifafa kikizidi dakika 5, au akaanguka tena kabla ya kuzinduka, apelekwe hospitali mara moja. Mwanamume anayemkuta mwanamke hana mahramu karibu amsaidie kwa kiasi cha haja, kwani kuokoa nafsi ni wajibu.

Baada ya kuzinduka, udhu wake umetenguka, kwa kuwa kupoteza fahamu kunatengua, na kuoga ni sunna. Aliyefunga akaanguka, saumu yake inasihi maadamu alikuwa na fahamu walau sehemu ya mchana na hakunywa dawa mchana huo. Daktari akimwambia asifunge, asifunge. Atalipa siku akipona, na asiyetarajiwa kupona atatoa fidia. Asiendeshe gari wala bodaboda hadi daktari amruhusu.

MUHTASARI WA JIBU

Kumweka mbwa wa msaada kwa mwenye kifafa kunajuzu pakiwa na haja iliyothibiti. Najisi yake inaepukika kwa utaratibu tulioueleza, na swala ya waliomo ndani haiharibiki kwa kuwepo kwake. Bibi ana haki ya chumba na mswala safi. Fedha isitolewe kabla ya daktari kusema na kabla ya kuhakikisha kuwa mbwa atamzoea binti mwenyewe. Wenye swali la ziada waende kwa masheikh wa msikiti wao, au ofisi ya BAKWATA ya mkoa.

Tunamuomba Allah amponye binti huyu na wagonjwa wote wa Kiislamu, awasitiri wanapoanguka, na awape familia zao subira na maelewano.

Wallahu a'lam.